Laki na Nusu ya Saraka Mia Tano



Swali la leo limetoka Mwenge, Dar es Salaam, na linaulizwa kwenye fremu nyingi za pale, kuanzia upande wa stendi mpaka kwenye kijiji cha vinyago. Mtu ametengenezewa tovuti. Imekaa hewani miezi kadhaa bila kumletea hata simu moja. Kisha fundi aliyeitengeneza anarudi na ofa mpya: bosi, nipe laki na nusu nikuandikishie tovuti yako kwenye saraka mia tano za dunia nzima, Google ikuone. Je, atoe hiyo laki na nusu?

Nijibu mapema, maana wengine mko kwenye daladala na mnakaribia kushuka: asitoe. Lakini asiondoke na jibu hilo peke yake, kwa sababu zipo saraka ambazo kuandikwa ndani yake kunalipa hata leo, na zinalipa kuliko tangazo la kununua. Kazi ni kuzitenganisha hizi na zile, na hapo ndipo watu wengi wanapoliwa fedha zao.

Saraka ya tovuti ni orodha iliyopangwa na watu kwa makundi. Unapeleka anwani ya tovuti yako, mhariri anaifungua, anaisoma, anaamua kama inafaa, kisha anaiweka kwenye kundi lake na kuiandikia maelezo mafupi. Mhariri huyo anafanya kazi ya mjumbe wa nyumba kumi: ukimuuliza fundi cherehani anakaa wapi anakuonyesha mlango, na akikwambia hapa hakuna fundi wa namna hiyo, unaamini na kuendelea na safari. Mjumbe asiyewajua watu wake hana msaada kwa mgeni, hata daftari lake liwe nene namna gani.

Intaneti ilipokuwa changa, watu walipata njia kwa orodha hizo. Mwaka 1994 Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, walianza kuorodhesha tovuti walizokutana nazo, na orodha yao ndiyo iliyozaa Yahoo. Baadaye tovuti ya biashara iliyotaka kuingia kwenye saraka hiyo ilidaiwa dola 299 kwa mwaka. Hiyo ilikuwa ada ya kukaguliwa, na ukikataliwa hurudishiwi kitu. Kwa mchonga vinyago wa Mwenge hizo hazikuwa hela za kuchezea, kwa hiyo mlango ule kwake ulikuwa umefungwa.

Mlango uliobaki wazi ulikuwa wa saraka ya bure iliyoanzishwa mwaka 1998 na Rich Skrenta na Bob Truel, ikanunuliwa na Netscape mwaka huohuo, na wengi wakaizoea kwa jina la DMOZ. Wahariri wake walijitolea bila mshahara. Hadi inafungwa Machi 2017 ilikuwa na tovuti zaidi ya milioni 3.8, na watu zaidi ya 90,000 walikuwa wameshika kazi ya uhariri humo kwa nyakati mbalimbali.

Kupeleka tovuti kule kulikuwa na adabu yake. Ulishuka ngazi kwa ngazi: maeneo ya dunia, Afrika, Tanzania, biashara na uchumi, mpaka ukafika kwenye kundi lako hasa, na hapo ndipo ulipobonyeza kupendekeza. Kichwa kilitakiwa kiwe jina la biashara kama lilivyo, bila madoido. Maelezo yalitakiwa yaseme unauza nini na unapatikana wapi. Ukijisifu kwamba wewe ni bora Tanzania nzima, mhariri alilifuta neno hilo au aliiweka kando tovuti yako yote. Halafu ulisubiri wiki nyingi, pengine miezi, na wapo ambao hawakujibiwa mpaka saraka ikafungwa.

Kwa nini watu walivumilia? Kwa sababu Google nayo iliiamini kazi ya wahariri wale. Tangu mwaka 2000 mpaka 2011 Google ilikuwa na saraka yake yenyewe, na ndani yake mlikuwa na orodha ya DMOZ. Zaidi ya hapo, Google ilikuwa ikiihesabu tovuti moja kuelekeza kwenye nyingine kama ushahidi kwamba ile inayoelekezewa ina maana. Kiungo kilichowekwa na mhariri makini kilikuwa ushahidi mzito.

Palipo na ushahidi wenye thamani, wa kuughushi hawakosekani. Zikazuka saraka maelfu kwa maelfu ambazo hazikuwa na mhariri wala msomaji. Zilikuwa kurasa tupu za kubandikia viungo, na mtu mmoja aliweza kuzimiliki mia kwa wakati mmoja. Hizo ndizo zinazouzwa Mwenge mpaka leo kwa mafungu ya mia tano. Google ilizishukia. Aprili 2012 ilitoa badiliko lililoitwa Penguin, na tovuti nyingi zilizokuwa zimejijenga kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Mpaka leo kanuni zake zinazitaja saraka hafifu miongoni mwa mbinu chafu. Mara nyingi viungo vyake haivihesabu kabisa, na mtu akizidisha, tovuti yake inaweza kushushwa. Saraka ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014. DMOZ ikafuata, ingawa wahariri wake waliiendeleza kwa jina la Curlie, na bado unaweza kupeleka tovuti yako huko bila malipo. Peleka mara moja, kwa maelezo ya kweli, kisha endelea na kazi zako, usikae kusubiri.

Anayetaka kuhakikisha ninayosema achukue ile orodha ya mia tano aliyoonyeshwa na fundi, afungue tatu: moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini. Atakuta ukurasa wenye mchanganyiko wa ajabu: kampuni ya mabomba ya huko Marekani, mikopo ya haraka, kasino, dawa za kupunguza unene, na katikati yake mshona suti wa Mwenge aliyewekwa kwenye kundi la sheria. Namba yake ya simu haina msimbo wa nchi. Maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza ambacho hata yeye mwenyewe asingekitambua kuwa kinamhusu. Sasa ajiulize mteja wa Sinza, au mgeni aliyefikia hoteli ya Mikocheni, atapita njia gani mpaka atue kwenye ukurasa huo. Hakuna njia. Na laki na nusu imekwenda, fedha ambayo ingenunua kitambaa.

Sasa niwape kisa cha jirani zetu Nairobi, ambacho kila mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anastahili kukijua.

Mwaka 2010 kulianzishwa Kenya saraka ya biashara iliyoitwa Mocality. Waanzilishi waliona tatizo lilelile tulilonalo sisi: biashara nyingi hazimo kwenye orodha yoyote. Kinyozi, muuza spea, fundi wa kuchomelea vyuma, mama mwenye mgahawa, wote hawana tovuti na hawamo kwenye kitabu cha simu. Kwa hiyo Mocality ikawatumia watu wa kawaida wenye simu za mkononi. Unapita mtaani kwenu, unachukua jina la biashara, namba, shughuli na mahali ilipo, unatuma. Kazi yako ikikaguliwa na kukubaliwa, unalipwa kwa M-Pesa. Kwa njia hiyo wakakusanya biashara zaidi ya 100,000. Hakuna kompyuta iliyoweza kupata majina yale, maana hayakuwa yameandikwa popote. Yalipatikana kwa miguu na kwa kuulizana mlangoni.

Mwishoni mwa mwaka 2011 wenye biashara waliomo kwenye saraka ile wakaanza kuipigia Mocality kuuliza habari za tovuti ambazo Mocality yenyewe haikuwa inaziuza. Wakubwa wa Mocality wakashtuka. Wakachunguza kumbukumbu za mashine zao, wakaona kuna mtu anaifungua saraka yao ukurasa baada ya ukurasa, siku nzima, kwa mpangilio. Wakatega mtego: mtu huyo alipofungua ukurasa, baadhi ya namba za simu alizoonyeshwa zilikuwa za ofisi ya Mocality wenyewe badala ya namba za wenye biashara. Simu zikaingia. Waliopiga walijitambulisha kuwa wanafanya kazi na Google, na wapo waliodai kwamba Google na Mocality wanashirikiana. Januari 2012 mkurugenzi wa Mocality, Stefan Magdalinski, akaanika yote hadharani pamoja na sauti zilizorekodiwa. Google ikaomba radhi. Afisa wake wa ngazi ya juu, Nelson Mattos, alikiri kwamba watu waliokuwa kwenye mradi wa Google wametumia taarifa za Mocality isivyostahili na kupotosha kuhusu uhusiano wa kampuni hizo mbili.

Tafakarini jambo hilo, wasikilizaji. Mradi wa kampuni yenye injini kubwa kuliko zote duniani ya kutafuta tovuti ulikuwa unaangalia orodha iliyokusanywa na vijana wa Nairobi wanaolipwa kwa M-Pesa. Aliyetaka kumfikia muuza spea alilazimika kupitia kazi ya mtu aliyemtembelea. Thamani ya saraka ndiyo hiyo, na hakuna badiliko lolote la Google lililoiondoa.

Sitaficha upande wa pili. Mocality ilifungwa mwaka 2013. Kuwalipa watu wakusanye na wakague ni gharama ya kila siku, maana muuza spea anahama fremu na kubadili namba, na fedha ya kugharamia kazi hiyo lazima itoke mahali. Saraka nzuri ikikosa anayeilipia hufa, na ikifa huzikwa pamoja na kazi ya watu wengi.

Zipo zilizodumu, na mfano wake uko karibu na Mwenge kuliko watu wanavyodhani. Shika Barabara ya Sam Nujoma, pita Mlimani City, panda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pale wanachapisha majarida ya kitaaluma, likiwamo Kioo cha Lugha linaloandikwa kwa Kiswahili. Jarida la namna hiyo haliwezi kumfikia msomaji wa Bayreuth, Ujerumani, au wa Nairobi kwa kukaa tu kwenye tovuti ya chuo. Linafika kwa kuwemo kwenye orodha zenye watu wanaokagua, kama African Journals Online iliyoanza mwaka 1998 na ambayo makao yake yako Afrika Kusini. Kuna nyingine ya dunia nzima, saraka ya majarida yanayosomwa bure, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Hiyo ilifanya jambo ambalo wenye saraka mia tano hawathubutu kulifanya: iliwataka wote waliokuwa ndani waombe upya, na mwaka 2016 ikayatoa majarida yapatayo 3,300 ambayo hayakutimiza hilo. Msomi anayeliona jina la jarida humo anajua kuna mtu aliyeuliza maswali. Kwa mhariri wa jarida aliyepo Mlimani, kujaza fomu ile ndefu ni kazi inayostahili muda wake wote.

Sasa tushuke tena Mwenge, tuingie kijiji cha vinyago. Wageni wengi wa Ulaya na Marekani wamefika pale wakiwa wameshika kitabu cha mwongozo, kama kile cha Bradt ambacho Philip Briggs amekiandika na kukirudia kwa matoleo mengi, au cha Lonely Planet. Vitabu hivyo ni saraka za karatasi. Mwandishi amesafiri, ameangalia, akaandika kwamba kuna mahali Dar es Salaam utakuta wachongaji wanafanya kazi na utanunua kutoka kwao. Sentensi chache za namna hiyo zimewaletea wachongaji wa mpingo wateja kwa miaka. Katika utalii ni vilevile. Mtu wa ng'ambo anayeogopa kutapeliwa hutazama kama kampuni ya safari imo kwenye orodha ya wanachama wa TATO, chama cha mawakala wa utalii kilichoanzishwa mwaka 1983 na chenye makao Arusha. Anaitazama kwa sababu chama kinawajua wanachama wake.

Nikiulizwa basi na mwenye duka pale, kwanza nitamwambia aanze na ramani, kwa sababu ramani ndiyo saraka ambayo mteja wake huifungua akiwa barabarani na simu mkononi. Achukue simu sasa hivi atafute duka lake mwenyewe. Wengi watakuta alama imedondoshwa ng'ambo ya Barabara ya Bagamoyo, huko kwenye njia ya Coca-Cola, wakati duka liko upande huu. Jina limekosewa herufi. Namba ni ya laini iliyopotea. Picha pekee ni ya mtaro, imewekwa na mpita njia. Kurekebisha hayo ni bure. Zamani Google walikuwa wanatuma postikadi yenye namba ya uthibitisho, na sisi tunaopokea barua kwa sanduku la posta tulikwama hapo. Siku hizi mara nyingi wanataka video: unarekodi barabara, kibao cha duka, mlango unaoufungua mwenyewe. Kijana wa dukani anamaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Ramani nyingine ni OpenStreetMap, ambayo inahaririwa na watu wa kujitolea, na kwenye ramani hiyo jiji la Dar es Salaam lina sifa ya kujivunia. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata zinazofurika maji, wakapita uchochoro kwa uchochoro wakiandika mitaro, njia, visima, majengo. Mitaa ambayo kwenye ramani nyingi ilikuwa doa tupu ikapata sura. Waliofanya kazi ile walikuwa wahariri, ingawa hakuna aliyewaita hivyo. Walijua wapi njia imezibwa na ukuta na wapi daraja ni gogo la mnazi, kwa sababu walisimama hapo na mkazi akawaeleza.

Najua kuna anayesema yote haya ya nini, mimi nina Instagram na kundi la WhatsApp, wateja wanakuja. Vizuri, ashike hapohapo. Lakini hao ni wanaomfahamu tayari, au waliotumiwa na anayemfahamu. Ninayemsemea hapa ni mtu aliyetoka Songea leo anatafuta fundi wa kutengeneza mashine ya kufumia, au Mtanzania aliyeko Muscat anayetaka kinyago cha ukubwa fulani kisafirishwe. Huyo hana rafiki wa kumuuliza. Anahitaji orodha iliyoandikwa na mtu anayeijua Mwenge, kwa Kiswahili, yenye makundi yanayofanana na kazi zetu. Saraka za kigeni zilitubana sote chini ya biashara na uchumi, mchongaji, dalali wa viwanja na muuza vipuri vya bajaji.

Na orodha hiyo haipo. Hilo linaniuma zaidi kuliko laki na nusu inayopotea, kwa sababu vyote vinavyohitajika viko umbali wa kutembea kwa miguu. Uongozi wa kijiji cha vinyago unawajua watu wake. Serikali ya mtaa ina daftari. Nyumba zimebandikwa namba na mitaa imewekewa vibao tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu wako Kijitonyama, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, iko Kijitonyama hapohapo, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ipo kwenye jengo la Mawasiliano, Barabara ya Sam Nujoma. Fundi wa tovuti anayezunguka fremu hadi fremu akiuza saraka mia tano za uongo ndiye anayezijua fremu hizo kuliko mtu yeyote. Apewe kazi ya kuziandika, alipwe kwa kila iliyokaguliwa, kama walivyolipwa wale wa Nairobi.

Gharama yake? Wenye fremu mia wakichangia ile laki na nusu moja moja, ni shilingi milioni 15. Kwa kiasi hicho vijana wanne watakusanya majina, watakagua namba kila baada ya miezi mitatu na kuwatoa waliohama, kwa muda wa kutosha kuonyesha kama wateja wanaitumia. Mwaka wa pili ndio mgumu. Kwa hiyo mchango usikusanywe kabla wenye fremu hawajakubaliana, kwa maandishi, nani atalipa mwaka wa pili. Viongozi wa soko mnaonisikiliza, mkutano wenu ujao liwekeni hilo kwenye ajenda.